Oyugis na Safari za Kesho

Mji wa Oyugis umejengwa kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kisii na Migori, hata mpaka wa Tanzania. Zamani mkulima aliyetaka kusafirisha mahindi yake aliteremka Kendu Bay kuingoja meli. Baadaye yalikuja mabasi, kisha matatu. Leo mtu na gunia lake hufikishwa mlangoni kwa bodaboda, kazi iliyoanzia mpakani Busia katika miaka ya 1960 kwa baiskeli tu.

Sasa pikipiki ziendazo kwa umeme zimekwisha kuingia Kenya. Hizo hazihitaji petroli. Betri ikiisha nguvu, mwendeshaji huenda kituoni akapewa nyingine iliyojaa, akashika njia yake.

Faida iko wazi. Petroli yote hutoka ng'ambo, na bei yake ikipanda, nauli nayo hupanda. Umeme hupatikana jirani: maji ya mto Sondu, uvukwao na wasafiri waendao Kisumu, huendesha mitambo ya Sondu Miriu yenye nguvu ya megawati 60.

Lakini pikipiki ya umeme pasipo kituo cha betri ni mzigo kwa mwenyewe. Vituo vikijengwa katika miji mikubwa peke yake, mkulima wa Rachuonyo ataendelea kulipa nauli ya petroli. Na kijana asikope fedha kuinunua kabla ya kujua betri ataibadilisha wapi, tena kwa bei gani. Kawia ufike.