Saa Sita Valletta

Meli ilifunga kamba Valletta saa mbili asubuhi. Kufikia saa nne nilikuwa nimemaliza zamu ya usiku, nimeoga, nimevaa shati pekee nililonalo ambalo halina nembo ya kampuni, na nimeambiwa nirudi saa kumi. Saa sita kamili za nchi kavu. Kwa mtu wa chumba cha dobi, hiyo ni likizo.

Kabla sijafika getini simu ikaanza kutetemeka. Melini intaneti inauzwa, na bei yake si ya watu wa dobi, kwa hiyo sote husubiri bandari. Zikaingia jumbe thelathini na kitu: kundi la ukoo, kundi la mtaa, picha za harusi ya mtu nisiyemkumbuka. Katikati yake, ujumbe wa sauti wa mamangu, dakika nne na sekunde kumi.

Mamangu si mtu wa kutuma sauti ndefu. Kawaida yake ni kupiga, kuuliza kama nimekula, na kukata kabla salio halijaisha. Dakika nne ni habari ya msiba au ya pesa. Msiba wangenipigia. Nikaitia simu mfukoni na kusonga mbele.

Ukitoka melini pale unapita mbele ya maghala ya karne ya 18, yaliyojengwa enzi za Pinto, mkuu wa wale mashujaa wa Mtakatifu Yohana waliotawala kisiwa. Siku hizi ni mikahawa. Juu ya mlango mmoja waliandika *Merħba*. Nilicheka peke yangu. Nani kamwamkia mwenzake shikamoo hapa?

Wenzangu wawili walikuwa wakienda kutafuta intaneti ya bure na soksi za bei nafuu. Mimi nilitaka kwenda juu. Mji wenyewe umekaa mgongoni mwa mwamba, na kutoka bandarini kuna lifti ya mita 58 inayokupandisha hadi bustani za Upper Barrakka. Milango ikifunguka, unaona Bandari Kuu yote chini yako: Ngome ya St Angelo ng'ambo, vidole vya ardhi vikiingia majini, na meli yako mwenyewe, ile inayokumeza kwa miezi, imekuwa ndogo kama kitu cha kuchezea watoto. Kuta zote zina rangi moja, rangi ya andazi lililoiva vizuri.

Mimi nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, kwa hiyo ukuta wa ngome haunitishi. Lakini huu niliutazama kwa muda mrefu. Valletta ilianza kujengwa mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya Waturuki kuuzingira mji wa ng'ambo na kushindwa. Aliyechora ramani yake ni Mtaliano, Laparelli. Miaka isiyofika thelathini baadaye, mwaka 1593, Wareno wakaanza Fort Jesus kwetu, baada ya Mturuki Mir Ali Bey kuwasumbua pwani mara mbili. Aliyeichora naye ni Mtaliano, Cairati. Hofu ile ile, fundi wa nchi ile ile, jiwe tofauti tu. Nimecheza mpira chini ya moja na nikala pastizzi chini ya nyingine.

Pastizzi ndiyo sambusa yao, ingawa haifanani nayo: unga wa matabaka yanayovunjika kila ukigusa, ndani jibini laini au njegere zilizopondwa. Bei yake haifiki euro moja. Nilisimama foleni nyuma ya mzee aliyekuwa akirudishiwa chenji, na muuzaji akahesabu sarafu kwa sauti: *ħamsa, sitta, sebgħa*. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasikiliza tena. Hamsa, sita, saba.

Lugha yao ni mtoto wa Kiarabu aliyelelewa na Wataliano. Watu ni Wakatoliki, kila kona ina kanisa na mtakatifu wa jiwe, lakini Mungu wanamwita *Alla*. Bahari ni *baħar*, kitabu ni *ktieb*, nusu ni *nofs*, hela ni *flus*. Alhamisi ni *il-Ħamis*. Yule mzee, alipoona nimeshangaa, alikaa nami kwenye benchi, tukabadilishana maneno kwa Kiingereza chake na changu kama watoto wanaobadilishana gololi. Akaniambia Kwaresima yao inaitwa *Randan*. Nikamwambia sisi tuna Ramadhani. Alipiga goti lake kwa kofi, akafurahi kama vile nimemletea salamu za ndugu aliyepotea.

Akaniuliza nyumbani tunafanya kazi gani. Nikasema baba alikuwa mvuvi, aliacha mashua. Akanionyesha simu yake, picha ya luzzu ya kaka yake: mashua ya buluu, manjano na nyekundu, na pande zote mbili za omo macho mawili yaliyochorwa, yakitazama mbele. Nikamwambia majahazi ya Lamu nayo yalikuwa na macho. Mashua ya baba haina, lakini alipokuwa hai alikuwa akiisemesha kana kwamba inaona.

Saa sita mchana mzinga ukapigwa. Hupigwa kila siku, saa sita na saa kumi, kutoka safu ya mizinga iliyo chini ya bustani. Nilijua, nilisoma kwenye kibao, na bado niliruka. Mzee akacheka, akaniaga. Nikabaki na simu.

Dakika ya kwanza ya mama ilikuwa salamu za watu wote, mmoja mmoja, hadi jirani aliyehama. Ya pili ilikuwa bei ya unga. Ya tatu ndiyo yenyewe: mdogo wangu amepata wakala wa kumwingiza melini, wakala anataka laki moja na nusu kabla ya mwisho wa mwezi, na mnunuzi wa mashua ameshakuja kuitazama mara mbili. "Mimi sisemi kitu," alisema, naye alikuwa amesema dakika nzima. "Lakini wewe ndiye anayekusikia. Anatazama zile picha zako hata usiku. Hebu niambie mwanangu, hivi huko ni kama tunavyoona?"

Nina tabia ya kuhesabu. Dobi inafundisha hivyo. Katika miezi saba nimekanyaga nchi kavu kwa saa 61. Picha nilizotuma nyumbani ni 140. Barcelona, Napoli, Marseille, mimi nimeegemea kitu kizuri. Hakuna hata moja ya korido ndefu ya chini ambayo wafanyakazi wanaiita I-95 kwa jina la barabara kuu ya Marekani, wala ya kitanda changu cha juu, kwenye chumba kisicho na dirisha, wala ya mashine ya kupiga pasi mashuka inayotoa joto hadi nyusi zinakauka. Kazi ni saa kumi au kumi na moja kwa siku, siku saba kwa wiki. Sikudanganya mtu. Nilipiga picha nilipokuwa na nafasi ya kupiga picha.

Na mimi nililipa. Laki moja na ishirini, mkononi, bila risiti. Mishahara ya miezi mitano ya kwanza ilikwenda kwenye deni hilo. Mwezi wa tano, nikisubiri chakula, nilisoma bango lililobandikwa ukutani: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Unachogharamia mwenyewe ni vitu kama cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Nilimaliza kusoma, nikala wali wangu. Sikumwambia mtu nyumbani. Mtu hapendi kujulikana kuwa aliliwa.

Nilimrekodia mdogo wangu pale pale kwenye benchi. Nilifuta mara tatu. Ya kwanza nilikuwa mkali, ya pili nilisikika kama mhubiri. Ya nne nikamtajia saa 61, na laki moja na ishirini, na bango. Nikamwambia asiuze mashua.

Kisha nikatembea. Nililala kidogo kwenye nyasi, nikanunua kadi ya posta nisiyojua nitampa nani, nikakaa kivulini nikitazama boti ndogo zikivusha watu. Ilikuwa siku nzuri kweli. Hilo nalo lazima niliseme.

Jibu lilikuja nikiwa kwenye lifti kushuka. "Lakini wewe ulienda."

Nilisimama bandarini nikiangalia yale maneno matatu. Niliandika kwamba mimi nilikuwa sijui, nikafuta, kwa sababu ninajiuliza kama ningejua nisingelipa. Mwishoni nikaandika: "Nitumie namba ya huyo wakala. Nitampigia tukifika Napoli. Mashua iache hadi hapo." Tiki mbili. Mzinga wa saa kumi ukalia nikiwa ngazini, na safari hii sikuruka.

Namba aliituma. Wakala hakupokea Napoli, wala bandari iliyofuata. Mashua bado ipo, ila mnunuzi ameongeza bei.

Picha ya Upper Barrakka, mimi na bandari nyuma yangu, nilikaa nayo siku tatu kabla ya kuituma. Ilikuwa imetoka vizuri mno. Mamangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipenda.