Siku Moja Katika Mto Thego

Sisi tuliozaliwa Kipini twadhani hapana mtu wa bara awezaye kutufundisha uvuzi. Dhana hiyo tulikwenda nayo hata Nyeri, tulipomzuru mzee mmoja rafiki yetu wa mtaa wa Majengo, naye akatuchukua mto Thego, chini ya mlima Kenya, kuvua trauti.

Samaki huyu si mwenyeji wa nchi hii. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na Ewart Grogan, yakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, ili walowezi wapate mchezo wao. Aina ya pili, mwenye utepe wa rangi ya waridi ubavuni, aliletwa baadaye kutoka Afrika ya Kusini. Hutaka maji baridi yaendayo mbio, na baridi hiyo tuliijua tulipotawadha, vidole vikafa ganzi. Ajabu ni kwamba maji hayo hushukia Sagana, yakaingia Tana, yakaja kumwagika baharini kwetu Kipini. Tumeyaoga utotoni tusijue yatokako!

Chambo hapana. Ndoana ndogo hufungwa manyoya ya jogoo kwa uzi, ikafanana na mdudu. Risasi haitiwi, uzito ni wa mshipi wenyewe, nao hurushwa nyuma, ukangojwa unyoke, ndipo ukapelekwa mbele. Sisi hatukuwa na subira ya kungoja, na mara tatu tukavua mti. Mzee alicheka hata akaketi.

"Mwalimu," alisema, "huyu huelekeza kichwa kule maji yatokako, angoje riziki yake. Mjie kwa nyuma, na kivuli chako kisimfikie."

Elimu hiyo hakupewa na mtu. Utotoni aliwabebea wazungu vikapu, wala hakuruhusiwa kushika ufito. Alijifunza kwa kutazama. Na sasa macho yale yale ndiyo yanayomwacha. Asubuhi ile tulimwona akijaribu kupitisha uzi katika tundu ya ndoana, akikosa, akijaribu tena, kisha akatupa sisi bila ya kusema neno. Tukafunga fundo letu la baharini, lile lililomtosha changu na tewa maisha yetu yote.

Hata adhuhuri alikuwa amepata wawili wadogo. Wako wavuzi wamvuao samaki na kumrudisha kwa mchezo tu. Roho yetu haikubali kumtaabisha kiumbe kwa ajili ya furaha, na mzee naye hula alichovua.

Baada ya sala tulifika penye kilindi, chini ya jiwe kubwa. Yeye hakuliona jiwe lenyewe vyema. Tukamwambia, "Kushoto kidogo, Mzee. Mbele zaidi." Mkono wake haukuhitaji zaidi ya hayo. Unyoya ukaanguka kama jani, maji yakafumka, na ufito ukapinda kama upinde. Samaki akaruka mara mbili, akakimbilia chini, mzee akimfuata kwa magoti ndani ya maji, akimpa mshipi na kumrudisha, nasi tumeshika wavu tukitetemeka kuliko yeye. Mara ufito ukanyoka.

Alivuta mshipi, akaupapasa ncha kwa vidole. Uzi haukukatika. Fundo ndilo lililofunguka, kwani uzi ule mwembamba huteleza, na fundo letu ni la kamba nene.

Tulitaka kuomba radhi, ulimi ukawa mzito. Miezi michache nyuma daktari alikuwa amemwambia kwamba dawa haitamrudishia nuru.

"Ulimwona?" akatuuliza.

"Tulimwona aliporuka."

"Basi nieleze, maana mimi nilisikia maji tu."

Tukaanza na ubavu wake, ulivyong'aa juani, na madoa yake meusi, na urefu wake, uliopita kutoka kiwiko chetu hata ncha za vidole. Akauliza kama mkia ulikuwa mpana. Tulikuwa bado twamweleza tulipoliona paa la msikiti.