Farumi ya Mashua Ndogo
Wazazi wenzangu, tangu nilipomkemea mwanangu kuwa apoteza wakati na mashua yake ya mashindano iendeshwayo kwa rimoti, hakunisemeza ila salamu. Jioni moja nilimkuta kando ya hori ya Tudor, amenuna. Kila akiongeza kasi, mashua huinuka omo na kurukaruka; akikata kona, hupinduka. Nikamkumbuka marehemu baba, nahodha, alivyokuwa akipanga farumi ngamani. “Sogeza betri mbele kidogo,” nikamwambia, “kisha uifunge isihame.” Tukaisogeza upana wa kidole, tukajaribu, tukaisogeza tena. Mara ya tatu mashua ikatulia, ikakata kona bila kuyumba. Usiku huo alinisimulia mengi niliyokuwa siyajui. Tusiharakishe kukemea, tukae nao kwanza.