Kusafisha Kiwanja

Marehemu baba alituachia nyumba huko Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, na nyuma ya nyumba akatuachia kichaka ambacho panga lake halikuwahi kukigusa. Ni kipande kisichotosha hata uwanja wa mpira, kilichobanwa na kuta za majirani pande tatu. Mwaka jana wadogo zangu walipendekeza tukiuze. "Kaka, tutafute vijana wakisafishe kwanza," alisema kitindamimba wetu. "Nani atanunua pori?"

Neno hilo, kusafisha, lilinikaa moyoni. Nami nimelitumia mara nyingi bila kulifikiri. Kinachosafishwa ni uchafu. Basi lugha yetu huwa imekwisha kutoa hukumu kabla ya panga kunolewa.

Siku ya pili niliingia kichakani na shangazi yangu, daftari mkononi. Alinitajia mbungo uliotambaa juu ya miti mingine, mtopetope, na mkwakwa wenye matunda ya ganda gumu. Nilifurahi kuisikia sarufi yetu ikichanua vichakani: mbungo huzaa bungo, mtopetope huzaa topetope. Mti na tunda lake hutenganishwa na kiambishi tu.

Kisha tukafika kwenye mti wenye gome la kijivu, ambao majani yake yakisuguliwa hunukia kama ndimu.

"Na huu, shangazi?"

Aliushika, akaunusa, akanyamaza kitambo. "Nimesahau, mwanangu. Baba yako ndiye aliyeujua."

Nikaacha mstari mtupu daftarini.

Njiani kurudi mjini nilipita Mikocheni, nikalisikia jina hilo kana kwamba ni mara ya kwanza. Mikoche, kisha kiambishi -ni cha mahali: penye mikoche. Mtoto wa leo aweza kukulia hapo, akaliandika jina hilo katika kila daftari la shule, asiuone mkoche hata mmoja. Huko jina limebaki bila mti; kwetu Goba mti umebaki bila jina. Hasara hizi mbili si sawa. Mti ulio hai bado waweza kuulizwa kwa wazee, ukashikwa na kunuswa mpaka apatikane wa kuutaja. Ukishang'olewa, jina lake, hata likiwa kamusini, litafafanuliwa kwa maneno mawili tu: aina ya mti.

Kichaka hatukukiuza. Nimekubali kuwalipa wadogo zangu mafungu yao, kidogo kidogo, na deni hilo litanichukua miaka. Kitindamimba bado ananicheka kwamba nimenunua nyoka na mbu.

Mstari daftarini ungali mtupu. Washairi wenzangu, tumezoea kuhangaikia vina na mizani. Mimi siku hizi nahangaikia jina moja. Shangazi ameahidi kumuuliza rafikiye wa utotoni kule Kisarawe. Nimeshachuma jani la kumpelekea.