Darubini kuukuu kwa Sh6,000

Leo tuache programu kidogo tuzungumze juu ya vioo.

Katika kazi yetu, kitu kizee ni kitu kilichokufa. Simu ya miaka saba haipati tena masasisho, na tarakilishi ya chuo niliyosomea sasa ni ya kuzuia mlango. Basi mdogo wangu aliponiomba nimtafutie darubini ya macho mawili, wazo la kwanza lilikuwa kununua mpya. Anasomea kuongoza watalii huko Naivasha na anajiandaa kwa mtihani wa shaba wa KPSGA, ile ngazi ya kwanza (juu yake kuna fedha na dhahabu). Miti na wanyama anaimudu. Ndege ndio wanaomhangaisha, kwa sababu wengi wanakaa mbali ndani ya ziwa na kwa macho matupu wote ni doa jeusi. "Kaka, nimeweka elfu sita," akaniambia. Pesa hizo alizipata kwa kuosha mashua wikendi, kwa hivyo hazikuwa za kuchezea.

Mpya za bei hiyo zimejaa mjini, nyingine zimeandikwa kwa fahari kuwa zinakuza mara 100. Tupige hesabu. Chukua upana wa lenzi ya mbele, gawanya kwa ukuzaji, utapata upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. Darubini ya 8x30 inakupa 30 gawanya kwa 8, yaani milimita 3.75. Mboni ya jicho mchana huwa milimita mbili au tatu hivi, basi mwanga unatosha na kubaki. Sasa lenzi hiyo hiyo ya 30 ikuze mara 100: milimita 0.3! Hapo unachungulia kupitia tundu la sindano, na mkono ukitikisika kidogo ndege ameshatoka kwenye picha. Mimi naamini maandishi yale ni ya kuuzia tu. Mara nane si haba: ndege wa mita 200 unamwona kana kwamba yuko mita 25.

Nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa kamera, kibanda chake kiko uchochoroni karibu na Moi Avenue. Alikuwa na 8x30 mbili. Moja Zeiss ya Jena, Ujerumani Mashariki, Sh9,000. Nyingine ya Muungano wa Sovieti, Sh6,500. Nambari ya hii ya pili ilianza na 79, na kwa vyombo vya Kisovieti tarakimu mbili za mwanzo kwa kawaida ndizo mwaka wa kutengenezwa. Imenizidi umri kwa miaka karibu ishirini.

Lakini prizimu haingojei masasisho. Mwanga unapinda ndani yake leo kama ulivyopinda 1979. Vinavyozeeka ni vingine, na hivyo ndivyo vya kukagua.

Kwanza utando wa kuzuia mwanga usiakisiwe, ambao Alexander Smakula wa Zeiss aliuvumbua 1935. Uso wa kioo usio na utando hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Darubini kama hizi zina nyuso kama kumi kila upande, na 0.96 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi ni 0.66, yaani theluthi moja ya mwanga imepotea njiani. Tazama taa ikijiakisi kwenye lenzi: ikiwa ya buluu au zambarau, utando upo. Zote mbili zilipita.

Pili, ukungu. Nilimulika ndani kwa tochi ya simu, na ile Zeiss, ambayo kusema kweli ndiyo niliyoitamani, ilikuwa na nyuzi nyeupe kama za buibui juu ya prizimu. Mzee akasema ilikaa Mombasa miaka mingi. Ukungu ukishakula utando, kusafisha hakuurudishi.

Jaribio la tatu ndilo watu wengi hawalijui. Tazama ukingo wa paa la mbali, kisha isogeze darubini polepole mbali na uso. Mstari wa kushoto na wa kulia ukiachana kama ngazi, mirija miwili haiangalii mahali pamoja. Ukiibana machoni hutagundua, kwani ubongo huziba hitilafu hiyo kimyakimya, kisha baada ya saa moja kichwa kinauma. Kwa mtu atakayeishika kutwa nzima, hiyo ni kazi kupotea. Ile ya Kisovieti ilikuwa sawa.

"Mzee, gurudumu limekaza sana," nikamwambia.

"Ni grisi tu imeganda, kijana. Naibadilisha."

Tukakubaliana Sh5,500 pamoja na grisi mpya, na mia tano zilizobaki zikalipa matatu iliyopeleka kifurushi.

Ina kasoro moja isiyotibika: picha yake ni ya manjano kidogo, tabia ya nyingi za Kisovieti. Manyoya meupe yanaonekana kama maziwa ya chai. Nimemwambia akiandika rangi kwenye daftari lake akumbuke hilo.

Ile Zeiss nimeiacha pale pale. Mzee anasema ataifungua aone kama ukungu umefika kwenye kioo chenyewe. Ukipita huko, nenda na tochi, na usianzie elfu tisa.