Nilimjibia Shangazi

Daktari alimuuliza shangazi, hakuniuliza mimi. "Mama, ukiacha vidonge vya sukari, kuna dawa nyingine unayotumia? Ya miti shamba, ya kunywa, yoyote ile?" Shangazi alikuwa bado anarekebisha mtandio wake. Nikamwahi. "Hapana, daktari. Hana nyingine."

Jibu hilo lilimuongezea miezi mitano ya maumivu.

Dawa ilikuwepo, na niliyeileta ni mimi. Niliinunua Pune, wiki ya mwisho kabla sijarudi nyumbani. Nilikuwa nimekaa India miaka minne nikisomea uhasibu, nikajua Kimarathi cha sokoni na kuzisoma herufi zao, na nikawa muumini wa Ayurveda, tiba ya jadi ya huko. Tangawizi, manjano, mafuta ya ufuta ya kukandia mgongo: vyote vilinifaa, na hadi leo sina ugomvi navyo. Shangazi, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu mama alipofariki, alikuwa na sukari. Nilimweleza muuzaji, mzee mpole mwenye duka karibu na nilipopanga chumba, akanitolea unga mweusi, laini kama wanja.

Akanionyesha ubora wake. Alinyunyiza chembe chache juu ya glasi ya maji, zikaelea. Akausugua unga kati ya kidole gumba na cha shahada, ukajaa kwenye mistari ya ngozi. Kisha akanieleza unavyotengenezwa, na nikiri kwamba niliyapenda maelezo yale. Katika rasa shastra, tawi la Ayurveda linaloshughulika na madini, madini huyeyushwa na kumiminwa ndani ya mafuta ya ufuta, maziwa ya mgando na mkojo wa ng'ombe, tena na tena, ili yasafike. Baadaye husagwa pamoja na maji ya mimea, hufungiwa kati ya vyungu viwili vilivyozibwa kwa udongo, na kuchomwa kwa moto wa samadi kavu, mara nyingi. Hatua hiyo ya moto huitwa marana, maana yake kuua. Madini yakishakufa hubaki majivu, bhasma, na majivu hayo ndiyo dawa.

Nilinunua vichupa viwili. Simlaumu mzee yule. Naamini naye aliamini. Lakini kwenye lebo paliandikwa Naga Bhasma, na niliyasoma maneno hayo kwa macho yangu. Nilijua bhasma ni majivu. Nilijua naga ni nyoka, nikajiambia litakuwa jina la mti fulani. Katika Kisanskriti cha waganga, naga ni risasi pia. Madini ya risasi, yale yanayowekwa kwenye betri za magari. Kuuliza kungenichukua nusu dakika, na nilikuwa nimesimama mbele ya mtu ambaye angenijibu.

Nyumbani Tanga nilimpimia mwenyewe dozi ya kwanza kwa ncha ya kijiko cha chai, nikaichanganya na asali. "Ni ya asili, Shangazi, haina kemikali." Hakuuliza zaidi. Angemuuliza mtu mwingine yeyote. Mimi hakuniuliza, kwa kuwa ni mimi.

Mwezi wa tatu wa kuutumia unga huo, tumbo likaanza kumsokota. Choo kikafunga, siku tano, siku sita. Chakula kikawa na ladha ya shilingi mdomoni. Akachoka hata kupanda ngazi tatu za baraza. Ndipo nilipompeleka hospitali, ndipo daktari alipouliza, ndipo nikajibu.

Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba sikuihesabu kama dawa ya miti shamba, kwa vile ilikuwa kwenye chupa yenye lebo. Si uongo, ila sababu yenyewe si hiyo. Daktari alikuwa kijana wa rika langu. Niliona haya kumwambia kwamba mimi, msomi niliyerudi kutoka ng'ambo, namlisha shangazi yangu majivu. Nililinda sura yangu kwa dakika moja, na shangazi akailipia.

Walimtibu vidonda vya tumbo. Walimmezesha mpira wenye kamera, hawakuona kidonda. Damu ilikuwa pungufu, wakampa vidonge vya madini ya chuma, na vikamzidishia kufunga choo. Sasa naelewa kwa nini damu haikupanda: risasi huvizuia vimeng'enya ambavyo mwili unavitumia kutengeneza ile sehemu ya damu inayobeba chuma. Chuma kilikuwepo, kazi ya kukitia mahali pake ndiyo iliyokwama. Na kila asubuhi, baada ya vidonge vya hospitali, aliramba asali yenye unga wangu.

Aliyetuokoa ni mtaalamu wa maabara, mama mmoja mtu mzima aliyeiangalia slaidi ya damu kwa utulivu. Aliona vitone vya buluu ndani ya chembe nyekundu. Alitoka nje akatukuta kwenye benchi na kuuliza: hufanyi kazi ya betri, Mama? Ya rangi? Kuna unga wowote unaokunywa? Safari hii nilinyamaza kwanza, kisha nikasema ndiyo.

Sampuli ilipelekwa nje ya nchi. Majibu: mikrogramu 71 za risasi katika desilita moja ya damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia mikrogramu 5. Daktari alipotamka "risasi", shangazi alishika ubavu kama mtu anayetafuta tundu. Ilibidi aelezwe kwamba hakupigwa na mtu.

Usiku ule nilisoma nilichopaswa kukisoma kabla. Mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walichapisha matokeo ya bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani eneo la Boston, Marekani: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakapima 193 zilizouzwa kwenye intaneti, ikawa hivyo hivyo, moja katika kila tano. Na zile za rasa shastra zilikutwa na madini hayo kwa kiwango cha zaidi ya maradufu ya zile za mimea mitupu: si moja katika tano, bali mbili. Zamani wataalamu wa kimataifa wa usalama wa chakula walivumilia takriban miligramu 1.5 za risasi kwa wiki kwa mtu wa kilo 60. Mwaka 2010 wakakifuta hata kiwango hicho, kwa kuwa hakikumlinda mtu. Unga wa naga bhasma kwa sehemu kubwa ni risasi yenyewe. Moto huibadilisha sura, huiunganisha na salfa au oksijeni, huifanya laini kiasi cha kuelea majini. Haiui. Asidi ya tumbo huikuta pale pale.

Kichupa cha pili nilikuwa nimempa mzee jirani yetu. Nilikwenda kukidai, akanirudishia kikiwa kitupu, akanishukuru. Nilimweleza kila kitu tukiwa tumesimama mlangoni kwake. Nilimlipia kipimo, naye ana risasi mwilini, kidogo kuliko ya shangazi.

Unga wa shangazi tuliusimamisha siku ile ile niliposema ndiyo. Dawa ya kuivuta risasi, saksima, iliagizwa kutoka nje. Vidonge vyake vinanuka kama yai viza, na alivimeza siku 19 bila kulalamika. Kipimo kikashuka hadi 28, tukafurahi. Baada ya wiki sita kikapanda tena hadi 39, ilhali hajagusa kitu. Risasi hujificha kwenye mifupa, ambako mwili huichukulia kama kalisi, na inaweza kukaa humo miaka 20. Mifupa ya mwanamke wa umri wake inapopungua, huirudisha kwenye damu kidogo kidogo. Ana miaka 63.

Yote haya alishayajua, isipokuwa lile jibu langu. Hilo nilimwambia mwezi uliopita, tukiwa barazani anachambua mchele. Nilimwambia kwamba siku ile nilikumbuka unga, na nilisema hapana makusudi.

Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza ungo.

"Mimi nilikuwa nataka kumwonyesha," akasema. "Kichupa nilikuwa nacho mkobani. Ulipojibu, nikafikiri wewe unajua zaidi."