Simu ya Askari Aliye Likizoni

Milangoni mwa misikiti yetu mingi pamebandikwa karatasi inayowaomba waumini wazime simu kabla ya kuingia. Kaka yetu haizimi yake. Ni askari wa Jeshi la Wananchi, na tangu alipokula kiapo, miaka kumi na minne iliyopita, hatujapata kuiona simu hiyo imezimwa. Huiondoa sauti, akaitia katika mfuko wa kanzu, kisha akasimama safu ya nyuma karibu na mlango. Wanazuoni wameruhusu mtu kukata sala, hata ya faradhi, ili kuokoa roho ya mtu. Kwa hiyo hapo hatuna neno naye. Lakini sisi dada zake watatu tumelijadili mara nyingi jambo moja, jikoni na barazani: je, askari aliyepewa ruhusa ya kwenda kwao analazimika kupatikana saa zote? Na ikiwa analazimika, kwa kiasi gani?

Mfanyakazi wa dukani au kiwandani ana pa kushika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea saa 45 za kawaida kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Sheria hiyo hiyo, mwanzoni kabisa, inawatoa wanajeshi, polisi, askari wa magereza na wa JKT. Hatulalamikii hilo. Askari ana sheria zake na wakuu wake, na likizo haimvui kiapo. Wakazi wenzetu wa Dar es Salaam wanaukumbuka usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka katika ghala la kambi ya Gongo la Mboto, watu wakakimbia ovyo gizani na watoto wakapotezana na wazazi wao. Usiku kama ule hakuna mwenye akili atakayeuliza ni nani yuko zamu na ni nani yuko mapumzikoni.

Baba yetu naye alikuwa askari. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa likizoni kijijini kwetu, wilayani Kilwa, mahali ambapo simu ilikuwa jambo la kusikia tu. Habari aliipata katika redio ya jirani. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba, baba alikwisha kufunga mzigo. Alfajiri aliondoka kwa miguu kwenda kutafuta gari. Hakungoja kuitwa. Kwake mjadala wetu umekwisha kabla haujaanza. Husema kwamba askari halali, hufumba macho tu. Na akiona tumezidi ubishi hututajia sahaba Hanzala, bwana harusi aliyeusikia wito wa Uhud akamwacha mkewe hata kabla ya kuoga, akaenda na asirudi.

Wifi yetu hakubaliani naye, ingawa kwa adabu zake humjibu akiwa ameinamia chungu. Anasema, "Baba, wewe ulipokuwa nyumbani ulikuwa nyumbani. Mwanao huyu anarudi kwangu nusu."

Maneno ya wifi tuliyaelewa vizuri mwaka juzi. Mama alipatwa na kiharusi, na kaka akapewa likizo ya kuja kumwuguza. Kijijini kwetu sasa mtandao upo, lakini hauingii majumbani. Unapatikana chini ya mkorosho mmoja nyuma ya madrasa, na hapo ndipo vijana hukusanyika jioni, kila mmoja na simu yake juu mithili ya mtu anayepunga upepo. Kabla ya kuondoka kambini kaka aliagizwa asikose kupatikana. Basi kila baada ya saa moja alikwenda mkoroshoni kuangalia kama ametafutwa. Usiku alikwenda na kurunzi.

Mama wakati huo alikuwa akilitoa neno kwa taabu. Sentensi fupi ilimchukua dakika nzima, na aliyetaka kuzungumza naye ilimpasa akae, amshike mkono, angoje. Tulimwona mara kadhaa akianza kumwambia mwanawe jambo, na mwanawe akitazama saa. Hakuwa mkaidi wala mwenye moyo mgumu, maskini. Alikuwa na hofu. Askari aliyetafutwa akakosekana hana ushahidi wa mkorosho. Siku sita zikapita bila kupigiwa hata mara moja. Siku ya saba simu ikaita. Walitaka kujua ameuweka wapi ufunguo wa kabati la vifaa vya michezo.

Kaka alilicheka jambo hilo na sisi tukacheka naye, maana ufunguo wenyewe ulikuwa mezani kwa aliyeuliza. Lakini kilichotuuma hakikuwa simu ile moja. Kilichotuuma ni siku sita za kuingoja.

Kungoja huku kumewahi kupimwa na majaji, ingawa ni mbali na kwetu. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisikiliza shauri la mzimamoto wa mji wa Nivelles, Ubelgiji, aliyetakiwa siku za zamu yake ya kungoja awe nyumbani, na akiitwa afike kituoni ndani ya dakika 8. Majaji walisema muda huo wa kungoja, hata kama hakuitwa, ni muda wa kazi. Miaka mitatu baadaye, Julai 2021, mahakama hiyo hiyo ilifikiwa na shauri la aliyekuwa askari wa Slovenia ambaye alikuwa akilinda kambi kwa wiki nzima mfululizo kila mwezi. Hapo majaji walitenganisha mambo: mafunzo ya kivita, operesheni na matukio ya ghafla yasiyo ya kawaida hayafungwi na saa za sheria ya kazi, lakini ulinzi wa kawaida wa siku zote unaweza kufungwa nazo. Sheria za Ulaya si zetu. Mpaka waliouchora, hata hivyo, mtu yeyote aliyeishi na askari anaujua. Bomu ni bomu na kabati ni kabati.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya kuutafuta mpaka huo. Baba akitutajia Hanzala, sisi humtajia Sayyidna Umar bin Khattab (RA), ambaye hakuwa kiongozi wa kuchezea jeshi. Akizunguka Madina usiku alimsikia mwanamke akiulilia upweke wake, mumewe akiwa ametumwa vitani. Khalifa akaenda kumwuliza binti yake, Bibi Hafsa, mwanamke aweza kuvumilia muda gani bila mumewe. Riwaya zinatofautiana, nyingine husema miezi minne na nyingine sita. Lakini alipojibiwa aliwawekea askari wake muda wa kukaa mbali na wake zao. Vita vilikuwapo, na bado aliona kwamba nyumba ya askari ina haki ya kuhesabiwa.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Askari apatikane, asiyetaka hivyo asile kiapo. Lakini aliye likizoni apigiwe na afisa wa zamu peke yake, kwa jambo lisiloweza kungoja na lisiloweza kufanywa na aliyebaki kambini. Ujumbe wa makundi ya WhatsApp, ambamo tangazo la gwaride huchanganyika na salamu za siku ya kuzaliwa, usihesabiwe kuwa amri kwa mtu anayeuguza mzazi. Na anayekwenda mahali pasipo na mtandao aulizwe mapema ataangalia simu saa ngapi, iandikwe, yaishe. Wakuu wengine hufanya hivyo tayari bila kuandikiwa gazetini.

Mama alifariki mwezi wa Shaaban uliofuata. Tulimpigia kaka saa tatu usiku, na simu ile ambayo haizimwi ikapokewa kwa mlio wa kwanza. Akasafiri usiku kucha kwa gari la kuazima, akawahi kumsalia mama yake.

Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Ya makaburini tulisimuliwa na ami. Kaka alipotaka kushuka kaburini kumpokea mama alimkabidhi baba simu. Wakiwa katikati ya kufukia, ikaita. Baba akasogea kando, akasimama wima, akaipokea. "Mimi ni baba yake," alisema. "Koplo yuko kaburini, anamzika mama yake. Kama ni vita niambie nimtoe sasa hivi. Kama si vita, atakupigia baada ya Alasiri."

Upande wa pili ukanyamaza kidogo, ukatoa pole, ukakata. Baba akaitia simu mfukoni mwake, akarudi kwenye udongo.